Darubini nyepesi ya kupigia picha za anga: kwa nini pesa ianzie kwenye traka

SWALI

Habari za kazi, wataalamu. Naishi Tabata. Nina kamera ya Canon EOS 250D na lenzi yake ya 18–55, na sasa nataka kuielekeza angani: Mwezi, Nebula ya Jabari (lile wingu la gesi linalong'aa), Kilimia, na eneo la katikati ya Njia Nyeupe. Ni burudani ya mwisho wa wiki tu, sitafuti kuuza picha.

Sina gari. Uani kwetu, upande wa kusini, kuna ukuta na minazi ya jirani, kwa hiyo mara nyingine nitabeba vitu mpaka kwa shemeji yangu Kimbiji: daladala, kivuko, halafu daladala nyingine au bodaboda. Kila kitu lazima kitoshe kwenye begi la mgongoni na mfuko mmoja wa begani.

Nimetenga shilingi milioni 3.5. Machaguo niliyokutana nayo ni matatu. Kuna darubini ya lenzi ya milimita 70 ya bei rahisi, boksi limeandikwa inakuza mara 150. Kuna ya milimita 80, f/5, ambayo muuzaji anaisifia kuwa inapitisha mwanga mwingi. Na kuna Evostar 72ED iliyotumika, mwenyewe yuko Mbezi. Rafiki yangu anasema nisishuke chini ya milimita 100, nitajuta. Wengine wananiambia ninunue traka, kile kifaa cha mota kinachozungusha kamera ili ifuate nyota, lakini sioni mantiki ya kumaliza pesa kwenye kitu kisicho na lenzi. Nishike lipi?

Msomaji, Tabata

JIBU

Ndugu msomaji, anza na hicho kisicho na lenzi.

Anga huzunguka kwa sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa (sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi moja). Kamera yako ina pikseli za takriban maikromita 3.7. Ukiifunga kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 360, kila pikseli inabeba sekunde 2.1 za tao. (Hesabu yake: 206 mara ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawa kwa urefu wa fokasi kwa milimita.) Maana yake, bila traka, nyota inavuka pikseli 7 kwa sekunde moja tu ya kufungua shata. Nebula ya Jabari inataka sekunde 30 kwa kila picha, na picha hizo ziwe mia na zaidi ili uzipange pamoja kwenye kompyuta. Darubini nzuri juu ya stendi isiyozunguka itakupa Mwezi, basi.

Kwa hiyo ununuzi wako uende kwa awamu. Awamu ya kwanza ni traka, kitako chake cha kurekebisha pembe, na stendi imara ya miguu mitatu. Hapo itakwenda karibu nusu ya fungu lako. Kisha ifunge kamera na hiyo hiyo 18–55 uliyonayo. Kwenye milimita 18 kila pikseli inabeba zaidi ya sekunde 40 za tao, kwa hiyo makosa ya kulenga ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, hayaonekani, na traka inakuruhusu kufungua shata dakika mbili ukiwa Kimbiji. Katikati ya Njia Nyeupe kunapigwa hivyo hasa, kwa lenzi pana. Darubini ya milimita 360 itakuonyesha kipande cha nyuzi 3.5 kwa 2.4 tu: hapo nebula za M8 na M20 zinaingia pamoja vizuri, lakini lile wingu lote la Njia Nyeupe haliingii.

Awamu ya pili, tuje kwenye darubini.

Ya milimita 70 iache dukani. Ukuzaji mara 150 ni habari ya jicho kwenye kipande cha kutazamia, tena umezidi kidogo kikomo cha kawaida cha mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 140. Kwenye picha neno hilo halina kazi. Kinachohesabiwa ni urefu wa fokasi na ukubwa wa sensa. Tatizo kubwa zaidi ni fokasa ya plastiki, yaani ile sehemu ya nyuma inayosogea kupatia fokasi. Ukiining'inizia kamera ya gramu 450 na adapta yake, bomba linainama, na upande mmoja wa picha unatoka nje ya fokasi.

Ya milimita 80 f/5 muuzaji hakudanganyi, inapitisha mwanga. Shida ni mahali mwanga huo unapotua. Lenzi ya akromati, yaani ya vioo viwili vya kawaida kama hiyo, inakusanya nyekundu na kijani karibu pamoja, lakini bluu na zambarau zinatua mbali kidogo, na kadiri namba ya f (urefu wa fokasi gawa kwa kipenyo) inavyokuwa ndogo ndivyo pengo linavyokuwa baya. Sensa huona zambarau hiyo kuliko jicho. Nyota za Kilimia ni za bluu na zinang'aa, kwa hiyo kila moja itavaa duara la zambarau, na hakuna programu inayoliondoa bila kula nyota yenyewe.

Rafiki yako wa milimita 100 anafikiria kutazama kwa jicho, na kwa jicho ana hoja. Kwa kamera, chukua mfano wa milimita 102 f/7: urefu wa fokasi ni milimita 714, bomba lenye pete na reli linakaribia kilo 4 au linazidi, na kila pikseli inabeba sekunde 1.1 za tao, kwa hiyo kila kosa la traka linaonekana mara mbili ya lile la milimita 360. Na kwa vitu vilivyotanda kama nebula, mwanga unaoifikia pikseli moja unafuata namba ya f, haufuati kipenyo. Darubini ya milimita 60 f/6 inaijaza pikseli kwa kasi ya mara 1.36 kuliko hiyo kubwa ya f/7. Mzigo mara mbili, na picha inachelewa.

Pendekezo letu ni darubini ya lenzi mbili yenye kioo cha ED (kioo kinachotawanya rangi kidogo), kipenyo cha milimita 60 au 61, f/6 au karibu yake. William Optics ZenithStar 61 (milimita 360, f/5.9, karibu kilo 1.5) ni mfano mzuri wa daraja hili, na zipo nyingine za ukubwa huo kutoka viwanda mbalimbali vya China. Angalia aina ya kioo. FPL-53 ya kampuni ya Ohara ya Japani ina namba ya Abbe karibu 95, na FPL-51 karibu 81.5, namba ikiwa kubwa, rangi zinatawanyika kidogo. Kwa milimita 60, FPL-53 inatosha kabisa bila kukimbilia lenzi tatu, ambazo zinaongeza uzito mbele na bei juu. FPL-51 inatumika, ila nyota za bluu zitakuwa na ukungu mwembamba. Tangazo likiandika "APO", yaani darubini isiyotawanya rangi, bila kutaja kioo, uliza. Jina hilo siku hizi hubandikwa popote.

Sasa jambo ambalo wauzaji hulitaja mwishoni: flatena. Lenzi mbili hutua picha kwenye uso uliopinda kama bakuli, huku sensa yako ikiwa bapa. Katikati nyota zitakuwa vitone, pembeni zitakuwa vistari. Flatena inanyoosha uso huo, lakini kwa masharti: umbali kutoka nyuma yake mpaka kwenye sensa uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi milimita 55. Kwa Canon ya EF kama yako, mwili wa kamera una milimita 44 na pete ya T, inayounganisha kamera na darubini, inaongeza 11, kwa hiyo unapata 55 bila kuhangaika. Agiza pete yenye uzi unaolingana na flatena, M48 au M42 (kipenyo cha milimita 48 au 42), maana zinafanana machoni lakini haziingiliani. Nyota za pembeni zikivutika kama miale inayotoka katikati ya picha, mara nyingi sensa iko karibu mno na unaongeza pete nyembamba ya nusu milimita au moja. Zikijipinda kama zinazunguka katikati, iko mbali mno. Zikiwa mbovu kona moja tu, si umbali huo, ni kamera iliyofungwa upande au fokasa iliyolegea.

Asiyetaka kabisa mambo ya pete anunue muundo wa Petzval, ambao flatena imejengwa ndani. RedCat 51 ya William Optics, milimita 250 kwa f/4.9, ni ya aina hiyo. Uwanja wake kwenye kamera yako ni nyuzi 5.1 kwa 3.4, Kilimia kinaogelea humo na nafasi inabaki. Ni nyepesi na ni tamu kutumia, ila kwa fungu lako itabana traka, na Mwezi utakuwa na pikseli kama 600 tu. Kwenye milimita 360 Mwezi unapata karibu 880.

Fungu lililobaki baada ya traka, darubini na flatena lisichezewe. Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla ya bei, usafiri, bima na ushuru, si juu ya bei ya dukani peke yake. Weka pia ya mkanda wa kuzuia umande, pawabenki, batri ya pili ya kamera, rimoti ya kuhesabia picha, na kifuniko cha Bahtinov cha kupatia fokasi.

Uzito. Traka nyingi za daraja hili, kama Star Adventurer 2i au SkyGuider Pro, zimeandikiwa kilo 5. Kwa picha, hesabu nusu mpaka theluthi mbili ya hiyo. Darubini kilo 1.5, flatena na adapta gramu 300, kamera gramu 450, mkanda na nyaya: uko kwenye kilo 2.3 hivi, mahali pazuri. Ukijumlisha traka yenyewe, kitako, uzani wa kusawazisha na stendi ya alumini, begi na mfuko vinafika kama kilo 8. Kwa daladala na kivuko inabebeka. Stendi ndiyo itakayokushawishi kununua nyepesi, usikubali. Upepo wa kusi ukivuma pwani kati ya Juni na Septemba, stendi ya kupigia video inatetemeka kama mnazi. Usiinue bomba la katikati, ning'iniza mfuko wenye mchanga chini yake.

Ugumu wenyewe wa Dar es Salaam ni ncha ya anga. Traka lazima mhimili wake uelekee ncha ya kusini, na kwetu, latitudo 6.8 kusini, ncha hiyo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, chini ya upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono. Pale pana ukungu wa bahari, taa, ukuta na minazi yako. Nyota iliyo karibu na ncha, Sigma Octantis, ina mng'ao wa daraja la 5.4, yaani ni hafifu, na huwezi kuiona. Kwa hiyo kile kidarubini cha kulengea ndani ya traka, ambacho video zote husifia, kwako ni pambo. Kabla ya kulipia, hakikisha kitako kinashuka mpaka nyuzi 7. Vingine vimetengenezwa kwa Ulaya na vinagota juu zaidi. Tena, kwa kuwa mhimili umelala karibu sambamba na ardhi, uzani wa kusawazisha unaning'inia wima na kugonga mguu wa stendi. Weka nafasi kati ya miguu miwili upande wa kusini, au ongeza bomba fupi la kuinulia traka.

Kulenga bila kuona ncha hufanyika hivi. Sawazisha stendi kwa kipimamaji. Weka pembe nyuzi 7, hakiki kwa programu ya pembe ya simu. Elekeza kusini kwa dira ya simu iliyowekwa kwenye kaskazini ya kweli, si ya sumaku, na pima ukiwa umesimama mbali kidogo na chuma cha stendi. Halafu angalia swichi ya traka: lazima iwe S. Ikibaki N inazunguka kinyume, na badala ya nyota kutulia zinakimbia mara mbili ya kasi ya kawaida. Hili ndilo kosa la kwanza la kulitafuta picha zikiharibika.

Dira peke yake hukosea nyuzi 2 kwa urahisi, na hapo nyota inavutika pikseli 7 ndani ya sekunde 30. Unahitaji kosa lisizidi nusu nyuzi. Chagua nyota karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) inapokata mstari wa kaskazini–kusini, ambayo kwetu iko karibu utosini, kidogo upande wa kaskazini. Zima traka, piga sekunde 10. Mstari utakaoonekana ni mashariki–magharibi, zungusha kamera mpaka ulale sambamba na upande mrefu wa picha. Sasa washa traka, piga picha mbili zilizoachana dakika 3, ulinganishe. Nyota ikihama kuelekea kaskazini, mhimili umekwenda mashariki mno, urudishe magharibi. Ikihama kusini, fanya kinyume. Kisha chukua nyota ya ikweta iliyo chini upande wa mashariki: ikihama kusini, mhimili uko juu mno, ushushe. Kuhama kwa mashariki–magharibi kupuuze. Kuhama kwa kaskazini–kusini kukiwa chini ya pikseli 10 kwa hizo dakika 3, anza kazi. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kuachia programu ya NINA ipime kosa kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga, na hapo minazi haina neno.

Mipangilio ya kuanzia. Mwezi mpevu: ISO 100, f/6, sehemu 1 ya 320 ya sekunde, na hata traka si lazima. Nebula ya Jabari: ISO 800, sekunde 30, picha 120, na nyingine 20 za sekunde 5 kwa ajili ya kitovu kinachoungua kwa mwanga mwingi. Kwetu nebula hiyo inapita karibu utosini kabisa, faida ambayo watu wa Ulaya hawana. Jioni za Januari na Februari ndizo zake, na za Kilimia pia. Katikati ya Njia Nyeupe ni Juni hadi Septemba. Ukiwa Tabata usipitishe sekunde 30, kwani taa za mji zitajaza picha kabla ya nebula. Ukiwa Kimbiji elekea baharini au kusini. Kamera ambayo haijafanyiwa marekebisho huchuja sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni, kwa hiyo usishangae nebula nyekundu zikitoka zimefifia.

Fokasi usiiamini macho. Kwa f/6 nafasi ya fokasi sahihi ni kama maikromita 50, chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Tumia kifuniko cha Bahtinov kwenye nyota kali, kama Suheli, kaza skrubu, kisha hakiki tena maana kukaza kwenyewe husogeza. Habari njema ni kwamba usiku wa Dar joto halishuki sana, kwa hiyo marekebisho ya katikati ya usiku ni machache.

Unyevu ni adui mwingine. Ukitoa darubini kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hadi dakika 45, la sivyo lenzi inalowa papo hapo. Mkanda wa joto ufungwe nyuma tu ya lenzi ya mbele na uuwashe mapema, kabla ya umande. Ukianza kuukausha baadaye unapoteza muda. Ukivuta wati 10 muda wote, pawabenki ya mAh 20,000 inakaa kama saa 6. Nyumbani, tunza kila kitu kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, pamoja na silika jeli na kipima unyevu, asilimia 40 hadi 50. Ukiacha kwenye kabati tangu masika, fangasi hutambaa kwenye lenzi na kula kinga yake, na kusafisha hakurudishi. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa mbili.

Kuna wanaokuelekeza kwenye Seestar S50, kifaa kimoja chenye lenzi ya milimita 50, kamera na mota, kilo 2.5. Kwa asiye na kamera na asiyetaka kulenga ncha, ni ununuzi wa busara. Uwanja wake ni mdogo, nyuzi 1.3 kwa 0.7, Kilimia hakiingii chote. Kwenye hali yake ya kawaida picha huzunguka taratibu. Ukiwa karibu na ikweta kama sisi, vitu vilivyo mashariki au magharibi kabisa vinazunguka kidogo sana, vya kaskazini na kusini zaidi. Wewe una kamera tayari, kwa hiyo hatuoni sababu.

Na Evostar ya Mbezi? Ni darubini halali: milimita 72, urefu wa fokasi 420, kioo cha ED, kama kilo 2. Ukiongeza flatena na kamera unakaribia kilo 3, ukingoni mwa kile traka ya kilo 5 inachovumilia kwa picha, na kwenye upepo wa kusi utaikumbuka ile ya milimita 60. Ichukue tu kama bei yake na ya flatena pamoja iko chini waziwazi ya 60 mpya, na ikipita majaribio haya. Washa tochi ya simu upande wa nyuma, tazama kutoka mbele: nyuzinyuzi kama utando ni fangasi, iache, vumbi si tatizo. Funga kamera yako, elekeza juu, zungusha kitufe cha fokasi: fokasa ya aina ya Crayford, inayoshika kwa msuguano bila meno, ikiteleza chini ya uzito hata baada ya kukaza skrubu yake, punguza bei au ondoka. Usiku, weka nyota katikati, toa fokasi kidogo ndani na nje: pete ziwe duara zenye kitovu kimoja. Zikiwa na pembe tatu, lenzi imebanwa kwenye kikombe chake. Zikiegemea upande mmoja, lenzi haziko kwenye mstari, na huenda iliwahi kuanguka.